Namba za viatu zinakula mtaji

Kila Julai, pale viwanja vya Sabasaba barabara ya Kilwa, ukipita mabanda ya ngozi lazima ukutane na mtu wa kukwambia kwamba Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, kwamba Afrika nzima nchi zinazotuzidi ni za kuhesabu, kwa hiyo ngozi ni utajiri unaolala. Maneno hayo ni ya kweli. Mimi nauza mikanda na pochi za ngozi hapa Dar, na hayajawahi kunisaidia kukata mkanda hata mmoja.

Ngozi inayotoka machinjio ya Vingunguti ikiwa bado na damu haina kazi kwa fundi. Inatakiwa itiwe chumvi upesi kabla haijaoza, ifike kiwandani, ilowekwe kwenye chokaa ili manyoya yatoke, isindikwe kwa kemikali ya kromu au kwa dawa ya magome ya miti, ipakwe rangi, ikaushwe, ilainishwe. Sisi tunaingia mwisho kabisa. Tunanunua ngozi iliyokwisha kusindikwa, kwa futi za mraba, na tunalipa taslimu. Wingi wa ng'ombe wa Simiyu na Shinyanga unanifikia ukiwa umepita mikono mingi, na kila mkono umechukua chake.

Kwa hiyo tuache ng'ombe, tuzungumzie meza ya kukatia. Karakana ndogo za ngozi nilizoziona zikifungwa, nyingi zilifungwa zikiwa na wateja. Huyu anataka begi la laptop, yule makubazi, mwingine ala ya kisu, mwingine viatu vya harusi, na mwenye karakana hajui kusema hapana. Baada ya mwaka ana picha nzuri za kurusha Instagram, ana madeni ya ngozi, na hana bidhaa hata moja anayoweza kutengeneza mia kwa mkupuo. Watu wanaita huko kukua. Mimi naona ni kutawanyika.

Kwetu, kabla kisu hakijagusa ngozi, fundi anaitandaza mezani, upande wa juu kwanza halafu upande wa nyama, na anatembea na chaki. Anazungushia duara kila ubaya. Alama ya moto ya mwenye ng'ombe iko pajani, kubwa kama kiganja, hapo hapo ambapo ngozi ni nene na nzuri. Makovu ya kupe yamejaa tumboni na karibu na kiwele. Michirizi mirefu ya miiba iko ubavuni. Ukigeuza unakuta kisu cha mchunaji kimechimba hadi karibu kutokeza. Siku moja nilimuuliza, "Fundi, hii si tutaificha kwa rangi?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Dada, rangi inaficha leo. Mkanda ukipinda mara mbili, kovu linarudi."

Alama hizo ndizo zinazopanga bei, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Tuseme ngozi ina futi 20 na umeinunua futi moja kwa shilingi 6,000. Umetoa 120,000. Ukiondoa tumbo, shingo, miguu na maduara ya chaki, zinabaki futi 12 zinazofaa mkanda. Futi moja ya mkanda imekugharimu 10,000, na bado hujahesabu bizimu ya kufungia, uzi, nta, umeme na mtu aliyekaa na msharasi akitoboa mchana kutwa. Anayepanga bei kwa hesabu ya 6,000 anamlipia mteja wake sehemu ya mkanda bila kujua, halafu anashangaa kwa nini akiuza sana ndivyo anavyozidi kukwama.

Wafugaji wanalaumiwa sana kwa zile alama za moto, nami sikubaliani na lawama hizo. Mfugaji anauza ng'ombe mzima mnadani. Bei inakwenda kwa nyama, na ngozi nzuri haimwongezei hata mia. Kwa nini ahangaike na paja? Hereni za utambulisho za masikioni zinatajwa kuwa dawa, na zitasaidia, lakini siku ambayo ngozi isiyo na alama itamlipa mfugaji mwenyewe hutahitaji semina.

Turudi mezani. Ngozi yenyewe inakwambia utengeneze nini, ukiwa tayari kusikiliza. Mgongo ni imara na haunyumbuki ovyo, huo ni wa mikanda. Tumbo linavutika. Mkanda uliokatwa tumboni unaanza kucheza kama nyoka baada ya wiki chache, na mteja akiurudisha ana haki. Tumbo liende ndani ya mabegi, kwenye mifuko na kuta zisizobeba uzito. Shingo ina mikunjo, lakini kwenye pochi ndogo mikunjo hiyo inapendeza. Vipande vinavyobaki ni vya kuwekea kadi na funguo. Karakana yenye mikanda, pochi, vifuko vya kadi na vishikio vya funguo inamaliza ngozi yote ya ng'ombe mmoja. Ile yenye kila kitu huwa na gunia la mabaki kwenye kona.

Sasa makubazi. Najua kuna watakaonikasirikia, maana makubazi ya ngozi ni mazuri, yanauzika, na pwani hii watu wameyavaa tangu zamani. Lakini hebu tupige hesabu. Namba 36 hadi 44 ni namba tisa. Weka mitindo mitatu tu, na rangi mbili, nyeusi na kahawia. Tayari ni jozi 54, na hapo una jozi moja moja ya kila aina. Kama jozi moja imekugharimu 12,000, umelaza rafuni 648,000. Mteja wa kwanza anavaa 41, wa pili 41, wa tatu ana haraka na anavaa 42. Wiki inaisha, 41 hakuna, 36 na 44 zinakutazama. Ukitengeneza 41 nyingine unaongeza mtaji juu ya mtaji uliolala. Viatu vya kufunika ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu kila namba inataka kalibu yake, yaani umbo la mguu la kujengea kiatu, ya kulia na ya kushoto, na mtindo ukibadilisha ncha, kalibu nazo zinabadilika.

Mkanda hauna ugonjwa huo. Unapima kutoka kwenye bizimu hadi tundu la katikati, unaweka matundu matano yaliyoachana sentimita mbili na nusu, na mkanda mmoja unamtosha mtu wa kiuno cha inchi 34 na ataendelea nao akifika 36 baada ya ndoa. Urefu wa aina tatu unawatosha karibu wanaume wote wanaopita dukani. Pochi ndiyo kabisa, haina namba.

Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri namwambia aanze na mkanda, akae na mkanda hadi uwachoshe majirani. Wengi hawapendi jibu hili. Wanasema mkanda ni kitu kidogo, mtaani upo wa elfu tano. Ni kweli upo, wa ngozi bandia, na baada ya miezi michache unabanduka pale pale kwenye tundu linalotumika kila siku. Mnunuzi wa mkanda huo bado si mteja wangu. Mteja wangu ni yule aliyeshanunua wa elfu tano mara tatu na amechoka.

Kuna faida nyingine ya kurudia kitu kimoja, nayo haionekani hadi utakapoajiri mtu wa pili. Kukua kwa karakana kunaanza siku hiyo. Fundi mmoja hodari anaweza kutengeneza begi la ajabu kwa jicho tu, lakini jicho lake halihamishiki kwenda kwa kijana aliyekuja kujifunza. Patani ya boksi gumu inahamishika, na ubao wenye misumari miwili ya kuonyesha tundu linaanzia wapi, na uma wa kutia alama za mshono ili kila tundu la sindano liachane sawa na jingine. Tulipovipata vitu hivi, kijana wetu aliacha kuuliza kila dakika, na mikanda yake ukiichanganya na ya fundi huijui. Mteja aliyechukua mikanda kumi kwa ajili ya walinzi wa jengo lake akija kuchukua kumi mingine anataka ifanane. Hapo ndipo oda kubwa zinapopatikana au kupotea.

Na ukipata hela ya kifaa, usikimbilie cherehani kubwa. Hili nitalisema hata kama nitabishiwa. Kikata mikanda cha mbao chenye wembe, kisu kizuri cha kupunguza unene wa kingo, seti ya kutobolea matundu, basi. Mshono wa mkono kwa sindano mbili na uzi wenye nta unashika kuliko wa cherehani, maana uzi ukikatika upande mmoja, wa upande mwingine unabaki. Nimeona vikundi vilivyopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikanunua cherehani ya ngozi ya bei mbaya, halafu ikakaa imefunikwa shuka kwa sababu hela ya kununua ngozi imekwisha. Marejesho hayasubiri shuka liondolewe.

Wenzetu wa Nairobi pale soko la Kariokor wana jambo ambalo naliona kila nikifika na kulitamani. Huyu anakata soli, yule anashona, mwingine anatia shanga, na mwenye mashine anawafanyia wengine kwa malipo ya kipande kwa kipande. Hakuna anayelazimika kumiliki kila kitu. Huku kwetu kila mmoja anataka awe kiwanda kizima ndani ya fremu moja. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mitaa ya viwanda mikoani, na Mwanza kuna kampasi ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, inayofundisha teknolojia ya ngozi, kwa hiyo watu wenye ujuzi wapo. Kinachokosekana ni ujirani wa kazi wa namna hiyo.

Baadhi ya mafundi waliingiwa na hofu Oktoba 2020, Rais Magufuli alipozindua kile kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, Moshi, cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na Magereza. Walisema tumekwisha. Mimi sikuwa na hofu, na sina hadi leo. Kiwanda cha ukubwa ule kinatafuta oda za maelfu ya buti. Hakiji kugombania mkanda wa bwana harusi anayetaka herufi za jina lake zigongwe kwa ndani.

Linalonikera ni jingine. Njombe kuna mashamba ya miti ya miwati na kiwanda kinachotoa dawa ya kusindikia ngozi kutoka kwenye magome yake, kazi iliyoanza mwaka 1949, na dawa hiyo inauzwa hadi nje ya nchi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ni ngumu, ina mwili, inakubali kugongwa nakshi na inazidi kupendeza kadiri inavyovaliwa. Ndiyo hasa ngozi ya mkanda. Ya kromu ni laini na nyepesi, ni ya mabegi na sehemu ya juu ya kiatu, ukiifanya mkanda lazima uibandikie kitu kigumu ndani. Ng'ombe tunao, miwati tunayo, na bado mimi nazunguka kutafuta ngozi ya magome yenye unene wa milimita 3 hadi 4 kana kwamba naulizia kitu cha Ulaya.

Hata nikiipata, napigwa na kigezo cha kiasi. Kuna mahali niliambiwa nichukue furushi zima au niondoke, na ndani ya furushi daraja la kwanza limechanganywa na la nne, ruksa ya kuchagua hakuna. Kwa karakana ya watu watatu hiyo ni hela ya miezi miwili kuiweka kwenye kitu ambacho hujakiona upande wa nyama.

Wakubwa wakitaka kutusaidia, wapunguze makongamano na watuwekee ghala moja Dar na jingine Arusha. Ngozi zipangwe kwa daraja na unene, bei ya futi iandikwe ukutani, na mtu aweze kununua upande mmoja wa ngozi ya ng'ombe, autandaze, aukague juu na chini, alipe, aondoke nao kwenye bodaboda. Mkopo wa cherehani tutauzungumza baadaye.