Embe bichi lina kinga yake, tusiivunje

Mwandishi wa makala yenu kuhusu maembe anasema maembe ya Tabora yanaozea sokoni kwa sababu ya matenga na barabara mbovu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Yale madoa meusi yanayotokea embe linapoanza kuiva ni ugonjwa wa chule, na ukungu wake unaingia kwenye embe wakati wa mvua, likiwa bado changa mtini. Unajibanza kwenye ganda wiki nyingi bila dalili.

Kinachouzuia ni embe lenyewe. Ganda bichi lina kemikali za kuzuia ukungu, ziitwazo risosino. Ule utomvu unaochuruzika ukikata kikonyo, unaobabua midomo ya watoto, nao una vimeng'enya vinavyobomoa kuta za seli za ukungu. Embe likiiva kemikali hizo zinapungua, na ukungu unaamka.

Ndiyo maana inaniuma sana kuona maembe yanaangushwa kwa mawe na kutikisa matawi. Kikonyo kinang'oka, utomvu wote unamwagika, ganda linachubuka, halafu tunalaumu lori! Jamani, chumeni kwa mti mrefu wenye kimfuko na mwache kikonyo. Anayesafirisha mbali anaweza kuyatumbukiza kwenye maji ya nyuzi joto 52 za Selsiasi kwa dakika 5, inapunguza sana chule, ila awe na kipimajoto kwa sababu moto ukizidi ganda linaungua.

Mhariri, kituo cha Tumbi cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo hapa hapa Tabora. Naomba muwahoji watafiti kabla ya msimu ujao.