Sukari ya Mti: Itolewe kwa Maji Moto au Ibaki Kwenye Nyuzi?

Wanaotaka vipande vya mti vichemshwe kwa maji kabla ya kupikwa kuwa karatasi wana hoja inayoeleweka haraka. Karibu robo ya uzito wa mti mkavu ni hemiselulosi, yaani minyororo mifupi ya sukari kama ksilosi, manosi na galaktosi. Katika upishi wa krafti, unaotumia magadi makali na salfaidi ya sodiamu, sehemu kubwa ya minyororo hiyo huyeyuka pamoja na lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha vyote hutiwa tanuri. Ila kilo ya sukari hutoa takriban nusu tu ya joto la kilo ya lignini. Kwa nini basi uchome ksilosi ambayo ingeweza kuwa ksilitoli, kile kitamu cha kwenye chingamu?

Kemia yenyewe inavutia. Vipande vikipashwa moto ndani ya maji matupu, chini ya mgandamizo, kwenye nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, vikundi vya asetili vilivyoning'inia kwenye ksilani, yaani hemiselulosi ya ksilosi, hukatika na kuwa asidi ya asetiki, ileile ya siki. Maji huchachuka, na uchachu huo huendelea kukata minyororo hadi iwe mifupi ya kutosha kuyeyuka. Hakuna aliyetia asidi, mti umejitengenezea.

Lakini asetili hizohizo ndizo husaidia ksilani kukaa ndani ya maji. Magadi yakizivua zote, minyororo huanza kushikana, na sehemu yake hurudi kujibandika juu ya nyuzi za selulosi, zile zinazofanya karatasi. Hapo ndipo wapinzani wanaposimama, na mimi naona wana uzito zaidi kuliko wanavyopewa. Hemiselulosi hunywa maji, hufanya nyuzi zivimbe na kulainika, na karatasi inapokauka nyuzi hizo hushikana barabara. Ukiitoa mapema unapata rojo (nyuzi zilizopikwa) pungufu, na karatasi inayochanika kwenye maungio ya nyuzi.

Isitoshe, kinachopatikana si sukari safi. Ni maji mengi yenye vipande vya minyororo, asidi, lignini kidogo na fafurali, ambayo hutokea ksilosi ikipikwa kupita kiasi na ambayo ni sumu kwa hamira ambayo ingeichachusha sukari hiyo. Hata bila sumu hiyo, hamira ya kawaida ya mikate haichachushi ksilosi. Kuyakausha maji hayo kunataka mvuke, na tanuri lililokuwa likitoa mvuke limeshapunguziwa chakula. Mahesabu ya watetezi mara nyingi hupita hapa mbiombio.

Kuna mahali ubishi haupo. Rojo la kutengenezea nyuzi za viskosi, zinazofumwa vitambaa, linatakiwa liwe selulosi karibu tupu, kwa hiyo hemiselulosi lazima iondoke, na kuitoa kwanza kwa maji ni utaratibu wa siku nyingi. Miti ya jenasi Larix nayo ina arabinogalaktani kwenye kiini chake, mnyororo mrefu wa sukari wenye matawi mengi unaoyeyuka hata kwenye maji baridi, galaktosi zikiwa kama sita kwa kila arabinosi moja. Na anayechanganya mbao na saruji hubidi aziloweke kwanza, maana sukari huchelewesha saruji kushika.

Kwa karatasi ya kufungashia, inayouzwa kwa nguvu zake, ningeiacha ksilani ilipo.