Namba ya asili ya gari la kale: irudishwe au iachwe?

Uingereza ilianza kusajili magari Januari 1904, na kwa miongo mingi kila halmashauri ilitoa namba na kutunza daftari lake yenyewe. Kumbukumbu hizo zilipohamishiwa kwenye kompyuta za ofisi moja mjini Swansea, ambayo leo ni DVLA (wakala wa serikali ya Uingereza wa leseni za udereva na usajili wa magari), wenye magari walipewa hadi mwisho wa Novemba 1983 kuyaandikisha, na gari lililokuwa limelala bandani bila kuandikishwa likapoteza namba yake. Anayelifufua leo ana njia mbili: athibitishe namba ya awali arudishiwe, au apewe namba nyingine inayolingana na umri wa gari.

Wanaotaka namba ya awali wana hoja nzito. Herufi zake zilionyesha mahali gari liliposajiliwa, na kwa namba hiyo mtu huweza kulifuatilia katika picha za familia, risiti za gereji na madaftari ya halmashauri. Namba ya kulinganisha umri haina chochote cha kufuatilia.

Wenye shaka nao hawabishi bure. Mtu mwenye kijitabu cha usajili cha zamani na kipande cha chasisi anaweza kuunda gari karibu lote kwa vipuri vipya, kisha akaliuza kama gari la mwaka 1935. Ndiyo maana DVLA hudai maandishi yanayounganisha namba na chasisi. Zaidi ya hayo, namba fupi za zamani, zisizoonyesha mwaka, hupendwa na wenye magari mapya, na magari mengi ya kale yamevuliwa namba zao ili ziuzwe. (DVLA yenyewe huuza namba tangu 1989, kwa hiyo bei yake inaijua vizuri.) Kwa maoni yangu, kinachouhalalisha mpango wa kurudisha namba ni sharti moja tu, kwamba namba iliyorudishwa kwa njia hiyo haiwezi kuhamishiwa gari jingine. Likiondolewa sharti hilo, wapenda historia watakuwa wanawatafutia mali wachuuzi wa namba.

Ugumu unabaki kwa magari yaliyosafirishwa. Land Rover iliyotoka kiwandani Solihull miaka ya 1950 ikaletwa moja kwa moja Mombasa haikuwahi kuwa na namba ya Uingereza. Namba yake ya asili ni ya Kenya. Ikipelekwa Uingereza leo hupewa namba ya umri, na anayeiona barabarani atadhani haikuwahi kutoka huko. Sheria haina kosa hapa, kwa kuwa polisi wanahitaji namba iliyomo katika daftari la Uingereza. Ila anayeiuza kutoka Nairobi angefanya vyema kumkabidhi mnunuzi nakala za kumbukumbu zote za usajili wa Kenya, maana bila hizo hata mwaka wa gari utakuwa mgumu kuthibitisha.