Nani hasa anaomba siri za kampuni serikalini?

Kila mara taasisi ya serikali ya Marekani inapotoa mkataba au ripoti ya ukaguzi iliyojaa wino mweusi mahali penye bei, viambato au majina ya wateja, lawama ni ileile: serikali imewafichia wakubwa. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki, na nitaifikia. Lakini kuna swali ambalo walalamikaji huliruka: ukurasa huo uliombwa na nani?

Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya 1966 haijali sana jibu. Inampa haki mtu yeyote, raia au mgeni, gazeti au kampuni, na mwombaji halazimiki kueleza nyaraka anazitakia nini. Shughuli yake huulizwa hasa kwa ajili ya kupanga ada. Kati ya kinga tisa zinazoiruhusu serikali kuzuia nyaraka, ya nne ndiyo inayohusu siri za biashara, pamoja na taarifa za kibiashara au za fedha zilizokabidhiwa serikalini na mtu mwingine na ambazo ni za siri. Tunapoisikia kinga hiyo ikitajwa, wengi wetu humfikiria mwandishi wa habari anayepambana na urasimu kwa niaba ya mlipa kodi. Mwandishi huyo yupo, na kazi yake ni kubwa. Ila katika foleni ya waombaji yeye ni mmoja wa wachache.

Margaret Kwoka, profesa wa sheria, alipitia orodha za maombi yaliyopokewa na taasisi kadhaa za shirikisho na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Katika Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, takriban maombi matatu kati ya manne yalitoka kwa watu wa biashara. Katika tume ya SEC inayosimamia masoko ya mitaji, yalizidi theluthi mbili. Katika idara ya ugavi ya jeshi, yalizidi asilimia 90.

Takwimu hizi zinastahili kukaliwa kitako. Sheria iliyotungwa ili mwananchi aichungulie serikali imegeuka, katika ofisi hizo, kuwa dirisha ambalo kampuni moja huichungulia nyingine. Mtengenezaji wa dawa anaomba ripoti ya ukaguzi wa kiwanda cha mpinzani wake. Mzabuni aliyeshindwa anaomba mapendekezo ya aliyeshinda. Kuna hata kampuni ambazo biashara yake yote ni kukusanya nyaraka za serikali na kuwauzia wateja, na kuna mawakili wanaoomba kwa majina yao wenyewe, hivyo mwenye taarifa hajui ni nani aliye nyuma ya ombi. Gharama ya sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na mlipa kodi yuleyule anayetajwa katika hotuba za uwazi. Kwa kumtendea haki Kwoka mwenyewe, hakuzitumia takwimu zake kutetea usiri. Hoja yake ni kwamba nyaraka zinazoombwa kila siku zichapishwe na serikali bila kusubiri kuombwa, ili foleni ipungue na waandishi wapate nafasi. Nakubaliana naye. Lakini takwimu zake zinasema pia jambo ambalo yeye hakuliwekea mkazo: anayeitwa umma mlangoni mwa ofisi hizi mara nyingi ni mshindani.

Tena taarifa zenyewe nyingi hazikuletwa kwa hiari. Anayetaka kusajili dawa ya kuua wadudu lazima aiambie serikali imetengenezwa kwa viambato gani na imejaribiwaje. Anayetaka zabuni lazima aoneshe gharama zake. Katika kesi ya Monsanto, kampuni ya kemikali za kilimo, ya mwaka 1984, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba siri ya biashara inaweza kuwa mali inayolindwa na Katiba, na kwamba serikali iliyoahidi kuitunza kisha ikaitoa inaweza kudaiwa fidia. Na siri ikishatoka haina njia ya kurudi. Kampuni kubwa inaweza kuhimili pigo hilo. Mgavi mdogo mwenye bidhaa moja na namna moja ya kuitengeneza kwa bei nafuu hana cha kuangukia.

Basi upande wa pili, wa watetezi wa uwazi, una nini? Una kesi nzuri kuliko zote, na inafaa ielezwe ilivyo. Mwaka 2011 gazeti la Argus Leader la Sioux Falls, South Dakota, liliiomba Wizara ya Kilimo takwimu za kila duka: kiasi gani cha fedha za msaada wa chakula, SNAP, kilitumika hapo kwa mwaka. Hizi ni fedha za umma, mabilioni kwa mabilioni ya dola. Gazeti lilitaka kujua zinaishia kwenye rejista ya nani. Wizara ilikataa, na baada ya miaka ya mabishano jaji aliyesikiliza ushahidi aliamua kwamba kutoa takwimu hizo hakungewaumiza wenye maduka kwa kiasi kikubwa. Wizara ikakubali yaishe. Chama cha wafanyabiashara wa vyakula kikaingia kesini na kukata rufaa.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2019 katika kesi hiyo ndiyo iliyowakasirisha watetezi wa uwazi, na sehemu ya hasira yao ninaielewa. Tangu 1974 mahakama zilikuwa zikiuliza kama kutoa taarifa kungeleta madhara makubwa ya kiushindani kwa aliyeitoa, au kungeifanya serikali ishindwe kupata taarifa kama hizo baadaye. Majaji sita, kwa kalamu ya Jaji Gorsuch, walisema maneno hayo ya madhara makubwa hayamo kabisa katika sheria. Kwa hukumu yao, inatosha kwamba mwenye taarifa kwa kawaida na kwa vitendo huiweka siri, na aliipeleka serikalini akiwa amehakikishiwa usiri. Jambo linalosahaulika ni kwamba hata majaji watatu waliotofautiana nao, Breyer, Ginsburg na Sotomayor, hawakukitetea kile kipimo cha madhara makubwa. Waliona kipimo cha zamani ni kikali mno; walichotaka ni madhara ya kweli kwa maslahi ya kiuchumi au ya kibiashara ya mwenye taarifa.

Kwa maoni yangu hao watatu walikuwa karibu zaidi na haki, na nasema hivyo nikiwa upande wa kampuni. Kipimo cha madhara kiliilazimisha kampuni ieleze ni nani angeitumia taarifa yake na kwa namna gani. Ilikuwa kazi ngumu, yenye mawakili na mashahidi wataalamu, lakini aliyeimaliza alikuwa na hoja inayosimama mbele ya msomaji yeyote. Sasa swali kubwa ni desturi ya kampuni yenyewe. Kampuni yenye tabia ya kuficha kila kitu inaanza na faida dhidi ya ile inayoficha kidogo. Huo ni mwaliko wa kupiga muhuri wa siri kwenye kila karatasi, na mwisho wake ni kwamba siri halali inaonekana sawa na ile ya kuficha aibu.

Ofisa wa serikali naye ana sababu ya kuegemea upande mmoja. Sheria ya jinai inayolinda siri za biashara inampa mtumishi anayezitoa bila idhini adhabu ya faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja, na kuondolewa kazini. Anayezuia kupita kiasi mara nyingi hapatwi na lolote kubwa kuliko kushindwa kesi ambayo ada za mawakili wake zinalipwa na serikali. Hapa walalamikaji wana haki tupu, na hakuna kampuni inayopaswa kushangilia: ulinzi unaotokana na woga wa karani hauna uhakika.

Utaratibu wenyewe si mbaya. Amri ya Rais Reagan ya mwaka 1987 inazitaka taasisi zimjulishe mwenye taarifa kabla ya kuitoa na zimpe muda wa kupinga. Akipinga na kushindwa, anaweza kwenda mahakamani kuzuia, njia iliyothibitishwa na kesi ya kampuni ya magari ya Chrysler ya mwaka 1979. Tatizo ni majibu ambayo kampuni hurudisha. Kudai mkataba mzima wa kurasa mia ni siri, kuanzia jina la mradi hadi sahihi, ni kumkabidhi mpinzani silaha. Jumla ambayo serikali imelipa ni ya umma, na sioni hoja ya maana ya kuificha baada ya zabuni kutolewa. Bei ya kila kipengele ni suala jingine: mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Washington iliizuia NASA, shirika la anga za juu, kutoa bei za aina hiyo za kampuni ya ndege na roketi ya McDonnell Douglas, kwa sababu zingewapa wapinzani na wateja wake uwezo wa kuibana.

Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliongeza sharti kwamba taasisi isizuie nyaraka isipokuwa inaona madhara yanayotarajiwa kwa maslahi yanayolindwa, au sheria nyingine inakataza kuzitoa. Sharti hilo halikuamuliwa katika kesi ya Argus Leader, maana ombi lilikuwa la kabla yake, na tangu hapo mawakili wanabishana kama linalirudisha swali la madhara kupitia mlango wa nyuma. Likirudi, kampuni iliyotia wino kwenye mistari mitatu na kueleza sababu ya kila mmoja itakuwa na cha kumwonesha jaji. Iliyofuta kurasa mia itaanza kuzieleza upya, moja moja.