Kitabu cha programu bado kina kazi Mtwara

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Mtwara wana swali, nalo ni la haki: kitabu cha rejea kina kazi gani ikiwa akili mnemba inajibu papo hapo, kwa Kiswahili, hata usiku wa manane? Swali hilo limepata nguvu tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na anayetaka kutetea vitabu hana budi kuanza kwa kukubali ukweli uliomo.

Ukweli huo ni mkubwa. Kitabu kinachoorodhesha amri za lugha ya programu moja baada ya nyingine kimekwisha kazi, na kilianza kuipoteza tangu Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilipofunguliwa mwaka 2008. Tena huchakaa upesi. Waliojifunza lugha ya programu ya Python kwa vitabu vya toleo la 2 waliona toleo hilo likiachwa rasmi Januari 2020. Mifano yao ikiendeshwa kwenye toleo la 3, hata amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini inagoma. Isitoshe, vitabu vyenyewe karibu vyote ni vya Kiingereza. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kule Tandahimba au Ruangwa anapambana na lugha mbili kwa mpigo, ya watu na ya mashine. Msaidizi wa akili mnemba anayemweleza kosa lake kwa Kiswahili, bila kumkaripia, amemtua mzigo mmoja. Sioni sababu ya kulibeza hilo.

Lakini mwambie msaidizi huyohuyo akuandikie programu ya kupokea malipo ya M-Pesa. Mara nyingi atakuletea msimbo (maagizo ya programu) wa Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya wa kuunganisha programu na M-Pesa, na namba za simu zinazoanzia 254. M-Pesa ya Vodacom Tanzania huunganishwa kwa anwani nyingine, funguo nyingine na utaratibu mwingine. Msimbo utakaopewa ni nadhifu, una maelezo mazuri, na Masasi haufanyi kazi. Mzoefu atalibaini hilo mapema. Anayeanza atahangaika siku nzima akidhani aliyekosea ni yeye.

Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na yaliyoandikwa kuhusu Daraja ni mengi kuliko yetu. Pasipo na maandishi, hujaza pengo kwa kinachofanana.

Tazama korosho. Stakabadhi ghalani, utaratibu wa kuhifadhi mazao ghalani kwa risiti hadi yauzwe, ilianza kwenye zao hili mwaka 2007, na tangu msimu wa 2024/2025 minada inapitia mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Sasa karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, anataka programu ndogo ya kumwonyesha mkulima kilo zake, daraja la korosho zake, bei ya mnada, na kila kato hadi fedha inayoingia benki. Akiiuliza mashine, itakadiria. Makato ya mkulima hayakadiriwi! Kitabu ninachokitetea ni cha kazi kama hiyo: chembamba, cha Kiswahili, kila mfano umejaribiwa, tarehe ya toleo iko juu ya jalada, na yupo mtu mwenye jina anayewajibika kwa kilichoandikwa.

Wapo wanaokitetea kwa kuwa hakihitaji bando. Hoja hiyo ni nusu tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Lakini siku chache kabla, mvua na Kimbunga Hidaya vilikuwa vimeikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, kwa hiyo hata kitabu kilichoagizwa Dar kisingefika. Kinachotufaa ni faili la kuhifadhi kwenye simu, anayetaka karatasi akalichapishe steshenari ya jirani.

Hapo mwandishi anaumia mara mbili. Faili likisambaa, halipwi. Likifika mtandaoni, mashine inalisoma bure. Mwaka 2025 kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 za Marekani, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa sababu ya vitabu ilivyopakua kutoka maktaba haramu za mtandaoni. Masharti yalitaka kitabu kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Kilichosajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, pekee hakimo.

Je, tukifiche? Tukikificha, mashine itaendelea kumpa kijana wa Masasi msimbo wa Kenya. Mimi ningekiachia kisomwe na wote, mashine pia, ila mwandishi awe ameshalipwa. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU huuza maelfu ya tani za korosho kila msimu. Ujira wa mwandishi mmoja na mhakiki mmoja hauwezi kuwashinda, na wa kwanza kukitumia kitabu hicho watakuwa makarani wa AMCOS zao wenyewe.