Sikuacha Pombe, Sikuwahi Kuinywa

Juma lililopita nilikwenda kujiandikisha katika kituo kipya cha afya hapa Preston, kaskazini mwa Uingereza, na muuguzi akaniuliza ninakunywa pombe kiasi gani kwa wiki. Nilimjibu kwamba sinywi. Akaandika kwenye kompyuta yake kwamba niko katika “abstinence”, yaani hali ya kujizuia, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nimeacha tangu lini. Nilimweleza kwamba sikuacha, kwa kuwa sikuwahi kuanza; akatabasamu, lakini neno lake likabaki palepale kwenye fomu.

Muuguzi yule hakunivunjia heshima, wala simlaumu. Kilichoniudhi ni neno lenyewe, kwa sababu linamtia kapu moja mtu aliyepambana na chupa kwa miaka 20 hadi akaishinda, na mimi niliyezaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambamo pombe haikuingia. Kwetu yule wa kwanza ameacha, mimi sinywi, na hakuna atakayetuchanganya. Mama anayepunguza sahani yake ili ada ya mtoto itimie anajinyima. Mgonjwa wa shinikizo la damu amekatazwa chumvi. Mjane yuko eda. Aliyeghadhibika akakataa chakula amesusa, na huyo hubembelezwa. Aliyefunga habembelezwi, na ukimwekea chakula mbele yake mchana umemkosea. Kila neno linamwambia msikilizaji kwa nini mtu amejizuia na yeye msikilizaji afanye nini. Neno la fomu ile halisemi lolote kati ya hayo.

Najua Waingereza wana historia yao. Mwaka 1832, katika mji huuhuu ninaoishi, Joseph Livesey na wenzake sita walitia saini ahadi ya kutogusa kileo cha aina yoyote, katika zama ambazo vyama vingi vya kupinga ulevi vilikataza pombe kali tu na kuiruhusu bia. Nadhani ndiyo maana mtu wa hapa akilisikia neno hilo huwaza pombe kwanza. Hata hivyo wanalitwika mengine mengi: Mkatoliki asiyekula nyama siku ya Ijumaa, wajibu ambao maaskofu wa Uingereza na Wales waliurudisha mwaka 2011, vijana wanaongoja ndoa, na kitenzi chake, “abstain”, hubeba hata zile nchi 35, Tanzania ikiwemo, ambazo Machi 2022 hazikuunga mkono wala kupinga azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu Ukraine.

Wapo watakaosema kwamba nimekaa ughaibuni hadi nimejiona mwalimu wa Kiingereza kwa Waingereza. Sivyo. Ninajua kwamba asili ya neno lao ni Kilatini, na maana yake ni kujishika ukakaa mbali na kitu. Imsaki yetu, ile dakika ya kuacha kula daku, nayo imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kushika na kuzuia. Wazo ni lilelile. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa anayejizuia hujishika peke yake. Ramadhani ilipoangukia Juni 2016, jua lilikuwa likizama saa nne kasoro robo usiku, nasi tulifunga zaidi ya saa 18, ilhali Tanga hazifiki 15 mwaka mzima. Mfanyakazi mwenzangu alinihurumia kwa dhati, akaniambia kwamba maji kidogo hayawezi kudhuru na kwamba hakuna atakayejua. Nilishindwa kumweleza kwamba ninapotamka “nimefunga” ninasikia mtaa mzima ukikuna nazi baada ya alasiri. Siku hiyo nilifuturu kwa tende tatu, nikiwa nimesimama stoo, na saa zile 18 zilinielemea kuliko mfungo wowote wa nyumbani.

Lakini nanyi wa nyumbani msifurahi mapema. Utajiri huu wa maneno tunautumiaje? Katika miaka ya mabango ya UKIMWI tulihimizwa wote kujizuia, na bado neno hilo lilipofika majumbani likawa la binti peke yake. Kaka yake hakuna aliyemwita sebuleni kumwambia ajitunze. Binti akipata mimba alifukuzwa shule, na hadi Novemba 2021 ndipo serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi masomoni. Mtaniambia kwamba haya si mambo ya lugha. Mimi naona ni ya lugha kabisa, kwa sababu neno linalomfunga mmoja na kumwacha mwingine huru limeshabadilika maana, hata kama kamusi haijasema hivyo.

Tena kuna hili linaloniuma zaidi. Hapa mtu akiacha pombe husema hadharani, na wenzake humpongeza na kubadilisha mahali pa kukutana jioni kwa ajili yake. Kwetu wataulizana kama anaumwa, ameokoka, au mkewe amemkalia. Mjomba wangu alikuwa akinywa kwa siri, na siri yenyewe ilijulikana na mtaa mzima. Alipoacha hakuna aliyemsifu, nami nikiwemo, kwa sababu kumsifu kungekuwa kukiri kwamba alikuwa mnywaji. Tulimshukuru Mungu kimyakimya, na yeye tukamwacha na vita vyake.

Jumapili nilimpigia simu. Baada ya salamu ndefu, na baada ya habari za mvua na bei ya sukari, nilijikaza nikamuuliza swali la muuguzi yule: “Shikamoo tena, Mjomba. Niwie radhi kwa kukuuliza. Ile kitu, umeiacha tangu lini?” Nilitarajia akate simu au anikemee. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu bila kuhesabu, kama mtu aliyekuwa na jibu mdomoni muda mrefu: “Miaka saba na miezi minne, mwanangu. Na siku tisa.”