Gemu za mieleka: zimefanana na televisheni, utamu umebaki wapi?

Kaseti ya WWF No Mercy, gemu ya kampuni ya mieleka ambayo leo inaitwa WWE, ilitoka mwaka 2000 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, na hadi leo wapo watu wazima wanaoapa kwamba hakuna gemu ya mieleka iliyowahi kuifikia. Zamani niliwachukulia kama wazee wanaolilia ujana. Siku hizi nawaelewa, ingawa si kwa kila wanachosema.

Kampuni ya AKI ya Japani iliyoitengeneza ilielewa jambo moja: mieleka ya televisheni ni hadithi, na mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia. Ukigusa kitufe, unamkaba mwenzako kidogo. Ukikishikilia, unamkaba kwa nguvu, na kila mkabo una mitupo yake. Mtoto anajifunza kwa dakika chache. Utamu wenyewe ulikuwa kwenye kipimo cha morali. Ukipiga au ukitamba mbele ya watazamaji kinapanda, ukipigwa kinashuka. Kikijaa na kuanza kumetameta, pigo lako la kumalizia liko tayari. Kwa hiyo pambano lilikwenda na kurudi: huyu yuko hoi, refa keshahesabu mbili kati ya tatu za kumaliza pambano, mara anainuka. Hakuna aliyeandika hadithi ile. Ilitoka kwenye vidole vya wachezaji, na mashine iliruhusu wanne kwa pamoja. (Wanaoisifu hawapendi kukumbushwa kwamba baadhi ya kaseti za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kufuta kila kitu ulichohifadhi.)

Upande wa PlayStation, Yuke's, Wajapani vilevile, walikimbilia kasi na sura ya kipindi cha televisheni. SmackDown! Here Comes the Pain ya mwaka 2003 ndiyo iliyotufundisha wengi wetu, pedi ikipokezana mikono kwenye banda la gemu. Baada ya THQ, kampuni iliyokuwa ikizitoa gemu hizo, kufilisika, leseni ya WWE ikaenda kwa kampuni ya 2K mwaka 2013, na safari ya kuifuata televisheni ikapamba moto: jasho, kamera, watangazaji, mtu akiingia ulingoni hatua kwa hatua kama alivyoingia kwenye kipindi cha Jumatatu.

Gharama yake ilionekana mwaka 2019. Yuke's walikuwa wameondoka, Visual Concepts, watengenezaji wa 2K wenyewe, wakabaki na mzigo wa WWE 2K20, nayo ikatoka na nyuso zilizopindapinda na miili inayozama kwenye sakafu. Gemu iliyotarajiwa kufuata ikafutwa, mfululizo ukarudi Machi 2022 na WWE 2K22. Kusimama kule, kwa maoni yangu, ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyofanya tangu wapate leseni.

Na tuwape haki yao. WWE 2K25 ina wanamieleka zaidi ya 300. Unaweza kumtengeneza wako kuanzia kope hadi wimbo wa kuingilia, au kupakua aliyetengenezwa na mtu usiyemjua upande wa pili wa dunia. No Mercy haikuota hayo. Tatizo ni kwamba seva za matoleo ya zamani huzimwa, na maktaba hiyo ya jasho la mashabiki huondoka nazo. Toleo hilohilo la 2025 limeleta kisiwa cha mtandaoni ambako fedha za gemu, zinazonunuliwa kwa fedha halisi, humwongezea mwanamieleka wako nguvu. Hapo sina mizani ya kuchezea: ni tamaa.

Basi turudi kwenye usahili wa zamani? Ulijaribiwa. Mwaka 2023 Yuke's walitengeneza AEW: Fight Forever, gemu ya AEW, washindani wa WWE, wakishirikiana na Hideyuki Iwashita, aliyeiongoza No Mercy yenyewe. Vidole vikakumbuka, lakini wengi wakaiona tupu: sehemu ya kutengeneza mwanamieleka ilikuwa finyu, na kuingia ulingoni kukakatwa kuwa sekunde chache. Shabiki aliyezoea 2K anataka mkabo wa zamani na ukumbi wa kisasa kwa pamoja, na sidhani anadai makubwa.

Wakati huohuo vijana wengi wanacheza SmackDown vs. Raw 2011 ya PSP, mashine ya mkononi ya zamani, kwenye simu kwa programu inayoiiga, vitufe vimechorwa juu ya kioo, nusu ya ulingo imezibwa na dole gumba. Picha ni za miaka mingi iliyopita. Refa akifika mbili, bado wanapiga kelele.